Mkondo wa Gizani

Mama Rehani aliingia chumba cha vipimo bila miwani ya kinga, kama kawaida yake, akaketi kitini kabla hajakaribishwa.

"Usianze," alisema. "Najua utakachosema. Pima tu."

Nyemo Chidumizi hakuanza. Alikuwa fundi wa vipimo katika Kituo cha Macho cha Mlanga, na kila alipomwona mfanyabiashara huyu wa mahindi alimkumbusha jambo lile lile: utando uliopandikizwa nyuma ya kila jicho huchakaa kwa mwanga, kwa hiyo avae miwani myeusi mchana kutwa na aivue pale tu anapohitaji kuona. Mama Rehani naye alikuwa na jibu lile lile. Yeye alihitaji kuona mchana kutwa.

Nyemo alimwelekeza aweke kidevu kwenye kishikio, akamfunga koili ndogo ya kunasa mkondo wa utando kwenye panja, akaliziba jicho kwa kizibo cheusi. Mita ya mkondo iliyokuwa mezani ikaonyesha tarakimu ndogo. Hata gizani utando huvujisha umeme kidogo, na kiasi hicho lazima kitolewe kwanza, kama mtu anavyotoa uzito wa debe kabla ya kupima mahindi. Kisha akaondoa kizibo na kuwasha taa ya kipimo.

Utando wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa mtoto, umejaa fotodaiodi zisizoonekana kwa macho. Kazi ya fotodaiodi ni nyepesi kuieleza. Mwanga ukiiangukia, hutoa mkondo wa umeme. Mwanga ukiwa maradufu, mkondo nao huwa maradufu. Mshipa wa jicho huupokea mkondo huo, na ubongo hujifunza upya kuuita uso, mlango, gunia. Rangi haupati, unapata mwanga na kivuli tu. Kwa watu wa Mpwapwa na Kongwa waliopofuka katika miaka ya vumbi, hilo lilikuwa limetosha kabisa.

Utando mpya, chini ya taa ile, ulitoa mikroampea arobaini.

"Ishirini na saba," Nyemo alisema.

"Mara iliyopita?"

"Thelathini. Ukifika kumi na tano hutazitambua nyuso."

"Basi nitawatambua wadeni wangu kwa sauti," Mama Rehani alisema. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Aliyefuata alikuwa Yoramu Malogo, mkulima wa zabibu. Aliongozwa na mkewe, Sechelela, aliyemshika kiwiko kana kwamba mumewe hana utando. Katika kituo kizima hapakuwa na mgonjwa mtiifu kuliko Yoramu. Kwa miaka mitatu alikuwa amevaa miwani ya kinga toka nyumbani hadi shambani na toka shambani hadi mezani, akipogoa mizabibu kwa kupapasa. Aliivua alfajiri tu, mwanga ukiwa bado hafifu, akague majani kama yameingiwa na ukungu, kisha akairudisha.

"Naweka akiba," alimweleza Nyemo huku akiivua ili apimwe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Sasa hivi mikono bado ina nguvu. Nikifika sabini, mikono ikianza kutetemeka, ndipo nitavua. Macho nayo yafanye kazi."

"Ukiwa na sabini mimi nitakuwa na sitini na nane," Sechelela alisema. "Sijui utakuja kuona nini."

Nyemo alicheka kidogo, akasoma mita. Akazima taa, akaliziba jicho upya, akaanza tena tangu mwanzo. Mkondo wa gizani ulikuwa ule ule wa Mama Rehani. Wa kwenye taa ulikuwa ishirini na saba.

"Ngapi, mwanangu?"

"Umeshuka kidogo, mzee," alisema. "Nitawaita tena."

*

Alianza kwa kuishuku taa, kwa kuwa taa huzeeka kama kitu kingine chochote. Alichukua fotodaiodi tupu ya kusahihishia vipimo, akaibana pale linapokaa jicho la mgonjwa, akaiunga na mita. Kwanza aliifunika, akasoma. Kisha akaifunua, akasoma. Taa ilitoa mwanga uleule ilioutoa siku ilipofungwa. Aliisogeza mbali mara mbili ya umbali wake, na mkondo ukashuka hadi robo, kama inavyotakiwa. Alibadilisha koili. Alibadilisha hata mita. Hakuna kilichobadilika.

Akafungua vipimo vya wagonjwa wote kwenye kompyuta. Karibu wote walivaa miwani kama walivyoagizwa, wengine zaidi, wengine kidogo, na tando za wote zilikuwa zimeshuka kwa mwendo mmoja, polepole mwanzoni na kwa kasi miezi hii ya mwisho. Hadi siku hiyo kila mtu kituoni, yeye akiwemo, alikuwa amechukulia kwamba mwendo ule unaonyesha miwani inafanya kazi. Hakuna aliyewahi kumweka mtu asiyevaa kabisa kando ya mtu asiyevua.

Kwenye kabati la baridi kulikuwa na tando mbili za akiba za toleo lile lile, katika kisanduku cheusi kilichokuwa hakijafunguliwa tangu kiwandani. Nyemo alivaa glavu, akautoa mmoja na kuuweka chini ya taa.

Haukuwahi kuona mwanga. Ulitoa thelathini na moja.

Aliurudisha kisandukuni, akaenda nao moja kwa moja ofisini kwa Daktari Tumsifu Kilewo, mkuu wa kituo, mwanamke wa Upareni aliyesikiliza watu akiwa amefumba macho. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kabati lile lilikaa bila umeme kiangazi kilichopita," alisema. "Siku nzima, kwenye joto. Unajua joto linaufanya nini utando?"

"Najua. Lakini Mama Rehani na Mzee Yoramu hawakukaa kabatini."

"Watu wawili, Nyemo."

"Na utando mmoja."

Daktari alifumbua macho. "Toleo la kwanza tulipolijaribu, kabla hujaja, tulimwachia kila mtu hiari yake. Watu kumi na mmoja walipofuka upya kabla mwaka haujaisha, na kila mmoja wao alikuwa wa kutembea juani bila miwani. Wote niliwafunga bandeji mwenyewe. Miwani haikutoka hewani."

"Hilo lilikuwa toleo la kwanza."

"Huenda hili ni tofauti. Nitawaandikia wenzetu wa kituo kingine wapime watu wao, wanaovaa na wasiovaa. Watatujibu baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo, usimwambie mgonjwa neno."

"Kwa mwendo huu, Daktari, wamebakiwa na miezi minane au tisa. Ukiwazuia mitatu umewanyang'anya theluthi."

"Na ukikosea wewe, umewanyang'anya yote." Alimrudishia kisanduku. "Niambie kitu kimoja. Utando uliokaa gizani miaka mitatu ndani ya jicho la mtu, ukautoa juani kwa mara moja. Nini kitatokea?"

Nyemo alifikiri.

"Sijui," alisema.

"Basi."

Alirudi chumba cha vipimo, akapima wagonjwa waliobaki. Kila mmoja aliuliza kama aendelee na miwani, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuuliza, naye alimjibu kila mmoja ndiyo. Hadi mchana alikuwa ameisema ndiyo hiyo mara nyingi, na aliona kwamba haikuwa kunyamaza. Daktari alikuwa amemkataza kusema. Lakini hapo alikuwa anasema.

*

Jumamosi alipanda pikipiki ya umeme hadi shambani kwa Yoramu.

Aliwakuta katikati ya mistari ya mizabibu, chini ya neti ya kuzuia vumbi. Yoramu alikuwa akipogoa, miwani usoni, kidole gumba kikitangulia mkasi kwenye kila tawi. Sechelela alimfuata nyuma akikusanya vijiti.

"Mbukwenyi," Nyemo aliwaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu," Yoramu aliitikia. Aliitambua sauti. "Imekuwaje? Kituo kimehamia huku?"

"Nimekuja kukwambia jambo nililokatazwa kulisema, mzee. Na huenda si kweli."

Alimweleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza kipimo: taa, fotodaiodi ya kusahihishia, Mama Rehani, utando wa kabatini. Alimwambia kwamba anaamini tando hizi zinaoza kwa umri, uvae usivae. Yoramu alisikiliza mkasi ukiwa wazi mkononi.

"Yaani wangu na wa yule mama wa mahindi ni sawasawa."

"Sawasawa."

"Yule asiyevaa."

"Yeye."

"Miaka mitatu," Sechelela alisema. Alikuwa ameviacha vijiti.

"Ngoja kwanza, mama," Yoramu alisema. Akamgeukia Nyemo. "Nikivua leo?"

"Kama niko sahihi, utaona vizuri miezi minane hivi. Usipovua, utando utakwisha wakati uleule. Lakini sijawahi kupima utando uliokaa gizani muda mrefu kama wako ukatolewa juani. Unaweza kuungua. Sina jibu la hilo, na daktari hana."

"Ungekuwa wewe?"

Swali hilo Nyemo alilitegemea tangu akiwa njiani. "Ningevua. Lakini nikikosea, atakayebaki gizani si mimi."

Yoramu aliufunga mkasi. Upepo ulitikisa neti.

"Unasemaje?" alimuuliza mkewe.

"Mimi nisemeje? Macho ni yako." Sechelela alijifuta mikono kwenye kanga. "Lakini mimi ningependa kutazamwa."

Yoramu alipapasa waya wa mzabibu, akautundika mkasi. Kisha akaivua miwani.

Jua lilikuwa la adhuhuri. Macho yalimtoka machozi, akayafumba, akayafumbua kidogo kidogo huku ameinamisha uso. Alianza na mikono yake mwenyewe, akaigeuza upande huu na upande huu. Kisha akainua kichwa, akatazama shamba lake mbele hadi mwisho.

"Mstari huu umepinda," alisema.

"Umepinda tangu tuupande," Sechelela alisema. "Sikutaka kukusumbua."

"Umepinda vibaya!"

"Zabibu zinazaa tu. Hazijui kama zimepinda."

Yoramu alimgeukia. Walikuwa wameoana yeye akiwa tayari haoni, na tangu apate utando alikuwa amemwona mkewe kwenye mwanga wa alfajiri tu, umbo lililokuwa likiwasha moto. Sechelela aliivuta kanga hadi puani.

"Ngoja nikanawe uso kwanza."

"Toa, mama."

"Nina vumbi."

"Toa."

Aliiteremsha. Yoramu alimkaribia, akamtazama kwa utaratibu uleule aliokagulia majani.

"Kumbe hili ni kovu," alisema. "Hapa juu ya nyusi."

"Nilianguka nikichunga mbuzi. Umeligusa mara ngapi?"

"Nilidhani ni kunyanzi."

Nyemo alikuwa ameshaanza kurudi kwenye pikipiki. Hakuna aliyemwita.

*

Habari ilitembea yenyewe. Yoramu alikwenda mnadani Jumanne akiwa macho wazi, na watu waliomjua walimuuliza, naye akawajibu. Ndani ya wiki mbili, zaidi ya nusu ya waliokuja kupimwa walikuja na miwani mfukoni au bila miwani kabisa.

Daktari Kilewo alimwita Nyemo. Hakupandisha sauti.

"Nilikuomba miezi mitatu nipate jibu kwa njia ya haki," alisema. "Wewe umefanya jaribio juu ya watu."

"Walikuwa kwenye jaribio tayari, Daktari. Hawakuwa wameambiwa."

"Ningekufukuza leo."

"Najua."

"Sina mtu mwingine wa kupima. Na sasa wanahitaji kupimwa kila wiki, si kila baada ya miezi miwili. Nenda kapime."

Alipima. Wengi wao walishuka kwa mwendo uleule wa zamani, si haraka zaidi. Mama Rehani alikuwa ishirini na tano. Yoramu alikuja mara mbili za kwanza akitembea mbele ya mkewe, akasoma mwenyewe bango la ukutani kwa sauti, akakosoa jinsi rafu zilivyopangwa. Mara ya tatu utando wake ulikuwa umeshuka kuliko wa wengine. Nyemo alimwambia papo hapo, akamshauri avae miwani angalau mchana. Yoramu alisema atafikiri. Mara ya nne hakuja. Siku hizo alikuwa akipaka nyumba yake chokaa.

Alirudi kabla zabibu hazijaiva. Sechelela alikuwa amemshika kiwiko.

Nyemo aliliziba jicho lake, akasoma. Akalizibua, akawasha taa, akasoma. Tarakimu ilikuwa ileile. Aliisogeza taa karibu, jambo ambalo hakutakiwa kulifanya, na mita haikutikisika. Alihamia jicho la pili. Ukitoa mkondo wa gizani, kilichobaki ni sifuri.

"Usihangaike," Yoramu alisema. "Lilizimika moja juzi, nikiwa kwenye ngazi. Lingine jana."

Nyemo alizima taa. Alikuwa na maelezo, au nusu yake: labda unyevu ulikuwa umejipenyeza kwenye utando kwa miaka yote ile, na mwanga ulipokuja kwa mara moja ukaukuta umelowa. Labda. Mtu aliyevaa miwani nusunusu alikuwa salama. Aliyevaa sawasawa kama alivyoagizwa ndiye aliyeungua.

"Nilikosea kwako, mzee."

"Hukukosea. Ulisema unaweza kuungua, nikasikia. Ukasema nivae mchana, nikasikia pia." Aligeuza kofia yake magotini. "Lakini usitake nikwambie haidhuru. Inadhuru. Ningebaki na miwani ningekuwa na asubuhi yangu kidogo mpaka mwakani."

"Ndiyo."

"Na usingekuja, nisingeuona ule mstari. Wala huyu." Alielekeza kidevu upande wa kulia. Sechelela alikuwa kushoto. Aliinuka polepole, akazunguka kiti bila kufanya kelele, akaenda kusimama pale mumewe alipoelekeza.

Nyemo alimfungua koili panjani.

"Wale walioko nje wanajua?" Yoramu aliuliza.

"Bado."

"Kuna mwingine aliyekuwa akivaa kama mimi?"

"Wapo. Watatu au wanne. Wawili wamevua wiki iliyopita."

"Basi waambie sasa hivi. Usiwangoje waingie humu mmoja mmoja."

Daktari Kilewo alikuwa mlangoni. Nyemo hakujua amesimama pale tangu lini.

"Majibu ya wenzetu yamefika leo asubuhi," daktari alisema kwa sauti ya chini walipotoka kwenye korido. "Uko sahihi. Wanaovaa na wasiovaa, wanashuka sawa. Na bado huyu wa humo ndani haoni." Alisugua macho. "Ukiwaambia habari zake, watavaa tena wote, hata wasiohitaji kuvaa. Watapoteza miezi waliyobakiwa nayo."

"Nitawaambia yote mawili."

"Hawatajua wafanye nini."

"Hata sisi hatujui, Daktari."

Daktari hakumzuia. Alisogea kando, akampisha.

Barazani walikuwa wameketi watu kama ishirini kwenye mabenchi, baadhi na miwani, wengi bila. Walimtazama Nyemo wakidhani anaita jina. Alisimama katikati yao na kuwaeleza kwamba tando zao zinaoza kwa umri, na kwamba jambo hilo sasa limethibitishwa na kituo kingine. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha akawaeleza kwamba mtu mmoja, aliyeitii miwani kuliko wote, alivua kwa neno lake yeye Nyemo, na leo haoni tena.

Mtu mmoja mwisho wa benchi aliitoa miwani mfukoni, akaishika asiivae. Mwanamke aliyekuwa ameivaa alipeleka mkono usoni, akauacha hapo hapo.

"Sasa tuvae au tuvue?" aliuliza.

"Sijui," Nyemo alisema. "Si jibu moja kwa wote. Inategemea kila mmoja ameishi vipi na utando wake, na mengi ya hayo sijayapima."

Alikuwa hajawahi kutamka neno "sijui" mbele ya wagonjwa akiwa na koti la kituo. Alingoja wamzomee. Mzee mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga. Wengine walibaki.

Mama Rehani, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, alisogea, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema. "Anza na ulichokipima. Polepole, na mimi nielewe."

Nyemo akaketi kati yao, akaanza na taa.